Panda Kitunguu Kinachohama Nawe

Usitupe mizizi ile! Fungu la vitunguu majani unalonunua gengeni jioni, ukishuka kwenye daladala Gongo la Mboto, huja na mizizi yake myeupe, mara nyingine bado ina udongo. Wengi wetu huikata juu ya kibao, tukaitupa pamoja na maganda ya nyanya, kisha keshokutwa tukarudi gengeni kununua fungu jingine. Mizizi hiyo iko hai. Ibakize na shina la sentimita tano, ifukie kwenye udongo wenye unyevu, na baada ya siku chache utaona jani jipya likichomoza katikati. Anza na hilo, leo hii, kabla hujaanza kuulizia ekari moja Kisarawe.

Najua utasema huna eneo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, na ukipita Ulongoni au Majohe unaona tulivyobanana: uani ni pa kufulia, kamba za nguo zimepishana, majiko ya mkaa yamejipanga mlangoni, na bodaboda ya mpangaji wa chumba cha mwisho imeegeshwa palipobaki. Lakini kitunguu majani hakidai shamba. Mizizi yake haiendi mbali. Sehemu kubwa hukaa ndani ya sentimita 30 za juu. Ndoo ya rangi ya lita 20 iliyotobolewa chini inabeba mashina kumi bila kusongamana. Mfuko wa salfeti uliokunjwa mdomo ukafika usawa wa goti unabeba zaidi. Kama mlangoni kwako pana nafasi ya dumu la maji, basi pana nafasi ya bustani.

Katika nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini kuna kitunguu ambacho watu hukipanda mara moja na kukivuna miaka nenda rudi. Badala ya kutoa mbegu, ncha ya bua lake hutoa vitunguu vidogo vidogo. Vikishakuwa vizito, bua hupinda hadi chini, navyo hushika udongo na kuota hatua moja mbele ya mama yao. Mwaka unaofuata vinarudia tena, na hivyo mmea unatembea bustanini wenyewe. Ni chotara wa kitunguu maji chetu cha kawaida na kitunguu majani kile kisichofanya tunguu kubwa. Tatizo ni kwamba anataka majira ya baridi, kisha siku ndefu za kiangazi. Sisi tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Siku yetu ndefu kuliko zote haifiki saa 13, na baridi hiyo hatuijui. Kwa hiyo usihangaike kuagiza vitunguu vyake kutoka ng'ambo. Mzazi wake mmoja, kitunguu majani, anakubali joto letu. Huzaa machipukizi ubavuni, shina moja likawa matatu, manne, bila kusubiri baridi yoyote. Kinachokosekana ni mwendo tu, na huo tutautia sisi kwa mikono yetu.

Hapa ndipo ninapotaka mpangaji anisikilize. Mtu aliyelipa kodi ya miezi sita hapandi mwembe, na simlaumu. Anajua mwenye nyumba anaweza kubadili mawazo, anajua kazi inaweza kumpeleka Mbagala au Tegeta. Miaka inapita hivyo, chumba baada ya chumba, na hakuna hata jani moja lililowahi kuota kwa mkono wake. Ndugu yangu, mfuko wa salfeti hauna hati ya kiwanja. Siku ya kuhama, mwagilia asubuhi, funga kamba kiunoni mwa mfuko, upakie kwenye kirikuu karibu na godoro. Jioni hiyo hiyo utakata majani ya mchuzi ukiwa kwenye chumba kipya, wakati vyombo vingine bado vimo kwenye maboksi. Usikubali nyumba ya kupanga ikufanye uishi kama mtu asiye na kesho.

Sasa tufanye kazi. Udongo wetu wa Gongo la Mboto mahali pengi ni mchanga mwepesi, maji hupita bila kukaa. Changanya ndoo mbili za udongo na ndoo moja ya samadi iliyooza. Kama ni ya kuku, hakikisha imekaa miezi miwili au zaidi, maana mbichi huunguza mizizi. Chagua gengeni fungu lenye mashina manene na mizizi mizima. Panda kwa nafasi ya vidole vinne, sehemu nyeupe ikifukiwa na ncha ikibaki nje, kisha mwagilia. Mwezi wa kwanza vumilia. Majani yakifika urefu wa kiganja na nusu, kata kwa kisu kikali, ukiacha sentimita tatu hadi tano juu ya udongo. Kata mashina machache leo, mengine wiki ijayo, ili pasiwe na siku ambayo mfuko wote umenyolewa. Kila baada ya mavuno, rudishia samadi kidogo, kwa sababu unachokula kimetoka kwenye udongo huo na udongo huchoka.

Fahamu pia kwamba sokoni kuna vitunguu majani vya namna mbili. Vingine ni kitunguu maji kilichong'olewa kikiwa kichanga; hicho kitakupa majani kwa muda, halafu kitafanya tunguu au kutoa ua, na safari yake itaishia hapo. Kile kingine, ambacho shina lake limenyooka bila kuvimba chini, ndicho cha kudumu. Panda vyote kwa kuanzia, uvitazame miezi michache, na kile kinachozaa machipukizi ubavuni ukichague kiwe mbegu yako ya kudumu. Mkulima mzuri ni yule anayeuangalia mmea wake kila asubuhi.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, adui ni maji yaliyotuama: toboa matundu ya kutosha, inua mfuko juu ya matofali mawili. Kiangazi adui ni vithiripi, wadudu wembamba wanaojificha katikati ya majani na kuyaacha na mabaka meupe kama fedha. Yarushie maji kwa nguvu asubuhi, ng'oa majani yaliyoharibika sana, usiache shina likae na kiu.

Ama maji, yapo juu ya vichwa vyetu. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja. Paa la mita za mraba 40, mvua moja nzuri ya milimita 20, ni lita 800, yaani madumu 40 ya lita 20, na yanayopotea njiani si mengi ukiwa na mfereji wa bati na pipa. Mvua za vuli zikianza Oktoba, pipa liwe tayari.

Mboga ya kulima mwenyewe ina heshima nyingine ambayo haisemwi vya kutosha. Mto Msimbazi unaanzia huku kwetu, vilima vya Pugu, ukiwa bado mdogo. Ukishapita mjini umebeba maji taka ya makazi na viwanda, na mboga zinazomwagiliwa kando yake zimepimwa na watafiti zaidi ya mara moja zikakutwa na madini mazito kama risasi. Mama anayekata majani kwenye ndoo yake mwenyewe anajua maji yaliyoyanywesha yametoka wapi. Anawapa watoto wake kachumbari bila wasiwasi moyoni. Hilo pekee lingetosha kunifanya nipige mbiu mtaa mzima.

Na eneo hili lina historia ya kutufundisha. Mwalimu Nyerere alikuwa akifundisha Shule ya Mtakatifu Francis, hapo Pugu, hadi alipojiuzulu mwaka 1955 ili aitumikie TANU. Karibu miaka 20 baadaye ukame wa 1973 na 1974 ulilikausha taifa, na serikali yake ikatangaza Kilimo cha Kufa na Kupona. Watu wa mijini nao wakahimizwa kulima penye nafasi. Hatuhitaji kusubiri tangazo la namna hiyo. Vitunguu maji vyetu vinasafiri kutoka Mang'ola, Singida na Ruaha Mbuyuni. Mvua ikiharibu shamba au barabara huko, bei inaruka hapa gengeni, na mwenye ndoo tatu mlangoni hatetemeki.

Watu wa Kilimanjaro wamelijua hili siku nyingi. Kihamba chao, yaani shamba lao la migomba, hakipandwi upya kila msimu: mgomba huzaa chipukizi, chipukizi linachukua nafasi ya mama. Mwaka 2011 FAO iliutambua utaratibu huo wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia. Tunacho kihamba kidogo cha pwani tukikitaka: matembele yanayorudi kila yakichumwa, kisamvu ukutani, na vitunguu majani kwenye ndoo kati yao.

Baada ya miezi minne au mitano mfuko utakuwa umejaa. Usiung'ang'anie. Mwagilia, kisha ng'oa fungu moja moja, litenganishe kwa vidole, kila kipande kikiwa na mizizi yake, fupisha majani, na nusu urudishe udongoni siku hiyo hiyo. Nusu nyingine ifunge kwenye gazeti lililoloweshwa, uende nayo kwenye kikao cha kikoba cha wiki hiyo. Mkiwa wanachama 20, na kila mmoja akapata mashina manne, ni mashina 80 yanayoingia mtaani kwa siku moja. Kabla kikao hakijafungwa, pangeni tarehe ya kila mmoja kuleta ya kwake ya kugawa.