Je, Nafsi Yakaa Penye Giza la Maarifa?

Liko swali ambalo vijana waliosoma huwaletea waalimu wa vijijini: ikiwa wenye elimu waweza kueleza jinsi mwili ujengwavyo, Muumba amebakiwa na kazi gani? Kabla ya kujibu, na tumtazame mnyama mdogo wa baharini, mviringo, mwenye miiba kama nungunungu, ambaye watu wa pwani huogopa kumkanyaga maji yakipwa.

Mwaka 1891 Mjerumani Hans Driesch alitwaa mayai ya mnyama huyo, yaliyokwisha kugawanyika chembe mbili, akayatikisa kwa nguvu hata chembe zikaachana. Alitazamia nusu ya mnyama, maana mwaka 1888 Wilhelm Roux alikuwa ameua chembe moja ya yai la chura kwa sindano ya moto, nayo iliyosalia ikatoa nusu tu. Walakini kila chembe ya Driesch ikawa mwana mzima, ila mdogo. Akastaajabu, akasema: hakuna mashine ikatwayo vipande viwili na kila kipande kikawa mashine nzima, basi imo nguvu isiyo ya mwili iongozayo yai. Akaiita entelekia, kwa neno la Aristotle, na baadaye akawa mwalimu wa falsafa.

Twamheshimu mtu huyo, lakini nguvu yake aliiweka pale alipokoma kujua. Miaka ya 1930 Sven Hörstadius wa Sweden alikata mayai yaliyogawanyika zaidi, akatenga chembe za juu na za chini. Za juu zikatoa kibofu tu kisicho na utumbo. Kumbe migawanyiko miwili ya kwanza hupita toka juu hata chini, kila chembe ikapata fungu la pande zote! Nguvu isiyo ya mwili ingejali nini njia ya kisu?

Siku hizi twajua zaidi. Kila chembe ina kitabu kile kile, chenye jeni zipatazo 23,300 katika aina moja iliyosomwa mwaka 2006. Lakini haisomi kurasa zote. Mwaka 2002 Eric Davidson na wenzake huko California walitoa mchoro wa jinsi jeni zinavyoamrishana. Yai likifikia chembe kumi na sita, nne za chini huwa ndogo sana. Katika nyingine, jeni iitwayo HesC huzifungia jeni za mifupa, kama bawabu mlangoni. Katika hizo nne huamka jeni Pmar1, nayo humnyamazisha bawabu. Ndipo katika uzao wake hutoka chembe zitengenezazo vijiti vya chokaa viushikavyo mwili. Hapo hakuna aliyeamuru kujenga, aliyezuia amezuiwa.

Basi mwalimu amwambiaye kijana, "Hapa elimu haifiki, ndipo Mungu alipo," amempa imani ya kuhamahama, itakayofukuzwa kila mwaka. Na kijana asemaye kwamba jambo likielezwa Muumba ameondoka, naye amekosa. Tukijua ugali wapikwavyo hatusemi jikoni hamna mama. Mchoro wa Davidson haumwonyeshi Muumba wala haumfukuzi. Sivyo ulivyoulizwa.

Tena, mwaka 1993 chembe nne kama hizo zilihamishwa juu ya yai jingine, na jirani zake zikafanya utumbo wa pili kamili. Tungependa kumwuliza Driesch, kama angalikuwako: entelekia ipi iliutaka utumbo ule?