TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: TAWI LA KUPOGOLEA



Ndugu zangu, sisi watu wa Masasi na Newala tunaujua mkorosho. Ukiacha matawi yasongamane, ubwiriunga unashika maua. Kwa mbali utauona mti mkubwa, umestawi. Msimu ukifika, korosho hakuna. Ndiyo maana tunapogolea mapema.

Na nafsi ni hivyohivyo. Katika Suratush-Shams, Mwenyezi Mungu ameapa kwa jua, mwezi, mchana, usiku, mbingu, ardhi na nafsi, kisha akatujulisha kwamba aliyefaulu ni yule aliyeitakasa nafsi yake.

Lakini sisi kujiendeleza tunakuona ni kuongeza tu: cheti, pikipiki, hata juzuu! Juzi nilikuwa naharakisha nikhitimu msahafu. Mwanangu akaja kuniuliza jambo, nikamfokea, akaondoka kimya. Nikajiambia: ulimi umesoma, nafsi bado.

Tujihadhari na mambo matatu. Kujipima kwa jirani badala ya kujipima na jana yako. Kutengeneza kinachoonekana na watu, cha ndani ukakiacha. Na kutaka kubadilika kwa usiku mmoja, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa amali apendayo zaidi Allah ni ile ya kudumu, hata ikiwa ndogo.

Kazi ya leo: chagua tawi moja tu. Ni hasira? Ni deni unalolikwepa? Anza kabla ya futari. Mimi nimeshamwomba mwanangu msamaha.

Allah atutakasie nafsi zetu na atutakabalie funga zetu. Aamiin.