Mzinga wa Nyuki na Mzinga wa Vita



Jina la mahali petu lina maana mbili. Kuna mzinga wa nyuki, gogo lililotobolewa na kutundikwa mtini. Na kuna mzinga wa vita. Tangu miaka ya 1970 kiwanda cha Shirika la Mzinga kimetengeneza risasi hapa chini ya Uluguru, nasi tumeishi nacho. Tusimhukumu ndugu alaye jasho lake humo. Yohana Mbatizaji hakuwafukuza askari waliomwendea; aliwataka wasidhulumu mtu, watosheke na mshahara wao (Luka 3:14).

Hata hivyo tujiulize. Morogoro ilijengewa pia kiwanda kikubwa cha viatu, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilikoma mwaka 1990. Cha risasi kingaliko. Mbona viatu hutushinda upesi kuliko risasi?

Isaya aliona siku ambayo silaha zitapelekwa kwa mhunzi zifuliwe majembe (Isaya 2:4). Nani aiombee siku hiyo kwanza, kama si sisi? Basi tuwaombee mafundi wetu: Bwana awaepushe na ajali ya baruti, na kazi ya mikono yao ilale ghalani mpaka ishike kutu.