Kicheko cha Mwalimu

Mpwa wangu aliponiambia kwamba masomo yake ya udaktari yatahusu mawimbi ya graviti, nilimwuliza kama hapa Lushoto kuna mtu atakayeshiba mawimbi. Barazani wote wakacheka, isipokuwa yeye. Akasema, "Mjomba, hata Mpemba alichekwa."

Nilinyamaza. Nimefundisha miaka mingi, na habari ya Erasto Mpemba naijua. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, huko juu tu ya mji wetu, alitia maziwa yake ya aiskrimu katika jokofu yangali moto, kwa kuchelea kukosa nafasi. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Aliuliza sababu, akaambiwa amechanganyikiwa. Aliuliza tena alipokuwa Mkwawa, Iringa, akadhihakiwa. Dakta Denis Osborne wa Dar es Salaam ndiye aliyekwenda kupima, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja.

Mwaka huohuo Joseph Weber wa Marekani alitangaza kwamba magogo yake ya alumini yamenasa mawimbi ya graviti. Wenzake walijenga vyombo kama vyake, wasipate kitu. Mawimbi yenyewe yalinaswa tarehe 14 Septemba 2015, kwa vyombo vya namna nyingine kabisa.

Je, kushuku na kucheka ni mamoja? Waliomshuku Weber walitoka jasho. Aliyemcheka Mpemba hakuchemsha hata kikombe cha maji. Wala sisemi Mpemba anastahili heshima kwa kuwa alipatia. Mwaka 2016 wataalamu wa Uingereza walipima upya, wasione ajabu ile, na ubishi ungalipo.

Nami niliwahi kumcheka mtoto darasani. Aliuliza kwa nini Lushoto, iliyo karibu zaidi na jua, ina baridi kuliko Mombo kule chini. Nilicheka kwa sababu jibu sikuwa nalo. Hakuniuliza tena kitu mpaka alipomaliza shule.

Jioni ile nilimwomba mpwa wangu anieleze. Alisema chombo kina mikono miwili ya kilomita 4, na wimbi hubadili urefu wake kwa kiasi kidogo kuliko sehemu moja ya elfu ya upana wa protoni. Nikamwuliza watajuaje kwamba si lori linalopita barabarani.

Hakucheka. Alisema vyombo viko viwili, mbali kiasi cha kilomita 3,000, na lori moja haliwezi kupita kotekote kwa wakati mmoja.