Zima Simu Kwanza

Mtu akikusimulia jambo lililomuumiza, jambo hilo sasa ni la nani? Lake yeye aliyelipitia? Lako wewe uliyelirekodi? Ama ni la nchi nzima, manake historia ni ya watu wote? Nimekaa na swali hili miaka kadhaa, na sikulitoa kitabuni. Nililitoa Likoni.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Mhadhiri wa historia alitugawa vikundi, akatutuma tukakusanye masimulizi ya wazee kuhusu miaka ya tisini. Kikundi chetu kilipewa Likoni na Mtongwe. Yeyote aliyekulia Mombasa anajua kwamba huko kuna mambo mawili hayakwepeki. La kwanza ni feri ya Mtongwe, iliyopinduka asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994 ikiwa imejaa watu wanaovuka kwenda kisiwani. Walikufa watu 272. La pili ni vita vya Likoni, vilivyoanza usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kwa kushambuliwa kituo cha polisi, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu. Zaidi ya watu 100 waliuawa. Maelfu ya watu wa bara walikimbia nyumba zao, wengi wakajihifadhi kwenye kanisa Katoliki la Likoni. Kisha msako wa polisi ukawashukia vijana wa Kidigo, na baadhi yao walieleza baadaye walivyoteswa.

Sisi tulibeba simu za kurekodia na fomu ya ridhaa ya ukurasa mmoja, kwa Kiingereza. Mtu anatia sahihi, anaongea nusu saa, unamshukuru, unaondoka. Mwaka uliofuata niliacha chuo, karo ilinishinda. Alama zikabaki kwao, sauti zikabaki kwangu.

Sasa hivi naishi Kisauni na naandika kwa kubangaiza, makala moja huku, nyingine kule. Na tuambiane ukweli, habari kama zile zina soko. Mwambie mhariri una sauti za Likoni ya 1997 uone kama hatakupigia siku hiyo hiyo. Kwa hivyo kwangu mimi hili si swali la darasani tena. Ni swali la kodi ya nyumba.

Kuna mama mmoja wa Mtongwe aliyeongea nami karibu saa nzima, vizuri tu, halafu akasita. "Zima simu kwanza, mwanangu," akasema. Nikazima. Alichosema baada ya hapo hakimo humu na hakitakuwemo. Ninachoweza kukwambia, kwa ruhusa yake, ni sababu aliyonipa: "Wewe utaandika, halafu utapanda feri uende zako. Mimi nitabaki hapa na majirani zangu."

Rafiki yangu tuliyekuwa naye kwenye kikundi hakubaliani nami hata kidogo. Yeye husema kimya ndicho kinachowalinda wakosaji. Wakati wale waliofadhili na kupanga vurugu wanazeeka kwa raha, sisi tunaambiana tusitoneshe vidonda. Kila mama anayenyamaza, husema, anawaongezea siku. Na hoja yake ina uzito, sitaki kuipitia juu juu. Kizazi chetu kimelelewa na kimya. Wengi wetu tulizaliwa karibu na miaka ile, na tulichorithi ni minong'ono tu: usimwamini fulani, usipange nyumba mtaa fulani. Minong'ono haina ushahidi, lakini ina nguvu, hasa mwaka wa uchaguzi.

Lakini hebu tuulize, ni nani aliyenyamaza? Tume ya Akiwumi iliundwa mwaka 1998 kuchunguza vita vya kikabila, vya Likoni vikiwemo. Ripoti ikakabidhiwa serikali mwaka 1999. Wananchi waliiona mwaka 2002. Baadaye ikaja Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ikakusanya taarifa za watu zaidi ya 40,000 kote nchini, ikatoa ripoti yake mwaka 2013. Watu elfu arobaini na ushei! Hao si watu walionyamaza. Walipanga foleni, wakalia mbele ya wageni, wakaandikwa. Walioona, walisema. Waliokalia makaratasi ni wengine kabisa.

Ndiyo maana nakataa kumwambia yule mama kwamba ana deni kwa taifa. Nadhani wajibu wa kusema unakua kadiri nguvu ya mtu inavyokua. Aliye na ofisi, na faili, na walinzi mlangoni, kimya chake ni kosa, kwa sababu kusema hakumgharimu kitu ila cheo. Mama anayechota maji kwenye mfereji mmoja na watu aliowaona usiku ule, kimya chake ni njia ya kuishi. Huwezi kuviweka vimya hivi viwili kwenye mzani mmoja. Ukitaka kujua kimya ni cha aina gani, angalia kinamlinda nani, na kikivunjwa atakayeumia ni nani.

Sasa usije ukadhani nasema watu wote wafichwe. Kuna mzee tuliyemhoji kuhusu feri, aliyempoteza ndugu yake ndani ya maji yale. Nilipomweleza kwamba hatutataja jina lake, kwa usalama wake, alinikata kauli. "Usalama gani? Andika majina yangu yote matatu. Na ya ndugu yangu." Kwake yeye, ile 272 ilikuwa tusi. Hesabu imemmeza mtu wake. Amekaa miaka na miaka akingoja mtu aje amtenganishe ndugu yake na ile namba, halafu anakuja mwanafunzi na kanuni yake ya kuficha majina! Jina lake litakaa kwenye habari yake nikiimaliza, si kwenye hoja yangu hii. Ila nilijifunza kwamba kumficha anayetaka kujulikana ni dhuluma sawa na kumwanika anayetaka sitara.

Kwa hivyo habari ni ya nani? Watu wa pwani tuna neno ambalo ile fomu ya Kiingereza haikuwa nalo: amana. Ukiachiwa kitu cha mtu, hukimiliki, hata kama kimelala kwako miaka kumi. Hukitumii bila kumuuliza. Na akija kukitaka, unampa. Fomu inauliza mara moja, siku ile ile, kabla mtu hajajua atasema nini. Amana inauliza kila unapotaka kukigusa.

Utaniambia maneno si mkufu wa dhahabu, hayarudishwi. Nikishasikia nimesikia. Ni kweli, lakini kusikia na kutumia ni vitu viwili. Mwenye kuachiwa mkufu pia anaujua ulivyo, anaweza kuuchora macho yakiwa yamefumbwa. Hilo halimpi ruhusa ya kuuvaa harusini.

Na amana ina sharti jingine gumu: usiahidi ulinzi usiouweza. Chuo cha Boston College, kule Marekani, kilihifadhi mahojiano na watu waliopigana Ireland ya Kaskazini, yaliyorekodiwa kati ya 2001 na 2006. Wasimulizi waliahidiwa kwamba kanda zao hazitafunguliwa mpaka wafe. Mwaka 2011 polisi wa Ireland ya Kaskazini wakazitaka kupitia mahakama za Marekani, na baadhi zikatolewa. Kama chuo kikubwa na mawakili wake kimeshindwa, mimi na simu yangu iliyopasuka kioo nani? Simu hii inaweza kuibwa Buxton saa hii. Kwa hivyo simwambii mtu tena "usijali." Namwambia: hiki nikikirekodi, kinaweza kufika pengine nisikokujua. Bado unataka?

Wengine husema hapana, na hapo mahojiano yanaisha. Wengine husema ndiyo na kusogeza kiti karibu.

Kabla ya kuandika hili nilivuka tena Likoni. Nilimsomea mama sehemu zinazomhusu, kwa Kiswahili, neno kwa neno. Alibadilisha moja: nilikuwa nimeandika "jirani yangu," akataka "majirani zangu," ili asihisiwe mtu. Nikabadilisha. Pia nilimpelekea sauti yake kwenye kadi ndogo ya simu, pamoja na wajukuu wake wa kumwonyesha namna ya kuisikiliza. Aliitia kwenye kitambaa, akakifunga fundo. Hakuniambia atafanya nayo nini, nami sikuuliza.

Mhariri mmoja bado ananisubiri na ile habari ya 1997. Nimemwambia nitamletea nusu niliyoruhusiwa. Amesema nusu haiuziki. Basi, mwezi huu tutamwomba mwenye nyumba atuvumilie.