Ramadhani, siku ya 12: "Sheikh, si imehalalishwa?"

Bismillah.

Leo tuongee jambo tunalonong'onezana kwenye maegesho ya magari baada ya Tarawehe lakini hatulisemi ndani ya msikiti. Bangi, na watoto wetu.

Kijana mmoja wa darsa la Jumamosi, wa miaka 16, aliniuliza hilo swali la juu kwa nia safi kabisa. Nilimwelewa, maana lugha yetu yenyewe imemtega. Watu wa Ohio walipiga kura Novemba 2023, asilimia 57 wakakubali, na Agosti 2024 maduka yakaanza kuwauzia watu wazima. Sisi kwa Kiswahili tukasema bangi "imehalalishwa". Sasa mtoto wa madrasa akisikia halali, anasikia halali ya Mwenyezi Mungu, ile ya nyama na ndoa. Kumbe serikali haigawi halali. Imesema tu kwamba mtu mzima hatakamatwa, na mtu mzima kwa sheria hii ni wa miaka 21. Kwa hiyo mwanangu wa miaka 16, hata ruhusa yao hiyo haikuhusu.

Upande wa dini halina mzunguko. Aya ya 90 ya Suratul Maida inatutaka tujitenge na khamri, na Sayyidna Umar akiwa juu ya mimbari alieleza kuwa khamri ni kila kinachofunika akili. Neno lenyewe ni ndugu wa khimari, ule mtandio unaofunika kichwa. Kiwe kinanywewa, kinavutwa au kinatafunwa kama pipi, ukiisha kufunikwa umefunikwa. Wala si swali jipya: Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliiandikia hashishi akaikataza. Na hili la "ni mmea tu wa asili", waulizeni wazee waliokulia pwani habari za mnanaha. Nao ni mmea. Dawa anayoandika daktari kwa ugonjwa unaojulikana ni mlango mwingine, leo siuingii.

Wazazi, msidhani ni bangi ile mliyoiona kijiweni utotoni. Iliyokamatwa hapa Marekani mwaka 1995 ilikuwa na wastani wa kama asilimia 4 ya THC, yaani kile kinacholevya. Dukani leo si ajabu kukuta asilimia 20 na kupanda, na mafuta yanayotiwa kwenye vepu yanapita 60. Ubongo wa binadamu unaendelea kujijenga mpaka miaka ya ishirini na kitu. Anayeanza mapema na kuvuta mara kwa mara yuko karibu zaidi na uraibu, na kumbukumbu na umakini wa masomo huathirika. Wengine, hasa wenye ugonjwa wa akili katika ukoo, huanza kusikia sauti na kuhisi wanafuatwa. Sisi hapo tunasema kapandwa na jini. Msomeeni, sikatazi kisomo, lakini mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Kisomo na daktari havigombani.

Kuna pia zile pipi laini. Hazilevyi papo hapo. Huchukua nusu saa hadi saa mbili, mtoto akaona hazifanyi kazi akaongeza. Na mdogo wake wa miaka mitatu akizikuta chini ya mto atazila kama pipi nyingine yoyote. Likitokea, piga 1-800-222-1222, ni namba ya sumu ya nchi nzima, wala usingoje. Akiwa hapumui vizuri au haamki, piga 911.

Vijana wangu, kuna hesabu mnaifanya mwezi huu. Mchana umefunga, moshi unafunguza, kwa hiyo unasubiri Magharibi. Yaani tende ya halali mkono wa kulia na msokoto unakungoja nje. Saumu ilikuzuia maji, ambayo ni halali yako, ili ujue kwamba unaweza kujizuia. Umeweza saa kumi na zaidi! Basi usiku nao unauweza.

Wengine wenu mmeacha kabisa kuja msikitini kwa sababu mtu aliwaambia anayelewa sala yake haikubaliwi siku arobaini. Hadithi hiyo ipo. Wanazuoni wameifafanua kuwa anakosa thawabu, lakini faradhi inabaki shingoni mwake na akiisali inamwondokea. Na hadithi yenyewe inaendelea kusema kwamba akitubia, Mungu anaipokea toba yake. Aliyekupa nusu ya maneno amekudhulumu. Njoo usali.

Jambo la makaratasi sasa, na hili wengi hawalijui. Ruhusa ni ya Ohio. Sheria ya shirikisho bado inaikataza bangi, na uraia unatolewa na shirikisho. Tangu 2019 idara ya uhamiaji imeandika wazi kwamba kutumia bangi, hata kwenye jimbo lililoiruhusu, kunaweza kumkosesha mtu uraia kwa kukosa mwenendo mwema, hata kama hajawahi kushtakiwa. Hata kufanya kazi kwenye maduka hayo kunaweza kuleta matatizo. Familia iliyokaa kambini Kakuma au Dadaab miaka kumi na tano, halafu kijana wa miaka 19 mwenye green card anaipeperusha kwa moshi! Aliyefika 18 kabla mzazi wake hajaapa uraia anajiombea mwenyewe, na maswali anaulizwa yeye. Kama jambo limeshatokea, usidanganye kwenye fomu. Muone wakili kabla ya kujaza.

Mama mmoja aliniuliza juzi amrudishe mwanawe Mombasa akanyooke. Nilimuuliza: huko bangi hakuna? Akacheka, kisha akalia. Safari si malezi, na mtoto aliyetupwa kwa shangazi asiyemjua anajifunza tu kuficha vizuri zaidi. Zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, kulikuwa na mtu aliyeletwa kwake mara nyingi kwa kosa la kunywa. Mmoja akamlaani. Mtume akamkataza, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Mungu na Mtume wake. Adhabu aliipata, lakini msikitini hakufukuzwa. Baba unayemwita mwanao mvuta bangi mbele ya wageni wa futari, isome hadithi hiyo kwa Bukhari.

Muulize ukiwa naye garini, macho yakiwa barabarani. Vijana husema zaidi hivyo. Uliza, kisha nyamaza umsikie mpaka amalize.

Kesho baada ya Tarawehe wazazi tutakaa darasa la chini, baba na mama pamoja, muda wa nusu saa. Vijana, mimi niko ofisini kila siku baina ya Alasiri na futari. Ukija peke yako, jina halimfikii mtu.

Wassalamu alaykum warahmatullah.