Risiti Yako ya LUKU Inakushitaki

Fungua hiyo meseji ya LUKU! Isome yote, usiishie kwenye tarakimu 20 za tokeni!

Unaona? VAT. REA asilimia 3. EWURA asilimia 1. Na kodi ya jengo nayo, iliyodandia humo tangu 2021.

Rudi kwenye mstari wa EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Mwamuzi unamlipa wewe! Unamlipa ukinunua umeme wa elfu mbili, unamlipa ukinunua wa elfu kumi, unamlipa usiku wa manane tokeni ikiisha katikati ya mechi. Halafu siku mwamuzi anapoingia uwanjani, wewe hupo!

Hupo. Na unajua kwamba hupo.

Usiniambie hukuwa na habari! Unajua mamlaka ya maji haijipandishii bei. Unajua lazima ipeleke maombi EWURA, maombi yatangazwe, wananchi waitwe kwenye mkutano wa taftishi waseme yao. Tangazo ulilipita ubaoni ofisi ya kata, ukajisemea, "Wataenda wengine." Wakaenda wengine: maofisa safu ya mbele, wastaafu wachache katikati, na nyuma yao viti vya plastiki vitupu hadi mlangoni. Ankara ilipopanda, ukamlalamikia bodaboda!

Kwenye simu una pa kukimbilia. Mtandao ukikuudhi, unaweka laini nyingine. Tangu Machi 2017 unahama na namba yako ileile. Hata huko ushindani haukujileta wenyewe. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ndiyo iliyobana tozo ambayo mtandao mmoja unautoza mwingine kupokea simu yako, ikashuka kutoka shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018 hadi shilingi 2 mwaka 2022. Ndiyo maana siku hizi unapiga mitandao yote bila kuuliza mwenzako yuko wapi.

Lakini maji? Mtaa wako una bomba moja! Hakuna atakayechimba mtaro wa pili akulazie bomba lake, na akifanya hivyo gharama ya mabomba yote mawili utabebeshwa wewe. Huwezi kuhama, huwezi kususa, huwezi kuchagua. Umebakiwa na mdomo wako tu, nao umeufunga!

Utasema utanunua kwa muuza maji. Haya, piga hesabu. Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Dumu likiuzwa shilingi 200, uniti umeinunua shilingi 10,000! Iweke kando ya ankara ya jirani mwenye mita, kisha uniambie nani anaumia zaidi bomba linapochelewa kufika.

Wakazi wa Dar es Salaam, mmesahau upesi! Sheria ya kuunda EWURA ilipitishwa mwaka 2001. Mamlaka yenyewe ikaanza kazi 2006. Humo katikati, Agosti 2003, maji ya jiji yakakabidhiwa kwa kampuni ya City Water kwa mkataba wa miaka 10. Kampuni kadhaa zilikuwa zimepita mchujo, lakini mwishoni aliyeleta zabuni alikuwa mmoja. Ushindani wa mtu mmoja! Mei 2005 serikali ikauvunja mkataba, wakuu watatu wa kampuni wakafukuzwa nchini, kesi ikapelekwa mpaka kwenye usuluhishi wa kimataifa wa ICSID. Hukumu ya 2008 ikasema Tanzania ilikiuka mkataba wa kuwalinda wawekezaji, ingawa haikuamriwa kulipa fidia. Mawakili walilipwa. Mama wa Tandale aliendelea kubeba ndoo.

Mechi nzima ilichezwa mwamuzi akiwa bado kwenye karatasi! Leo yupo. Una udhuru gani?

Na tahadhari, maana kuna uzembe unaovaa nguo ya furaha. Mwaka 2016 TANESCO iliomba nyongeza ya asilimia 18.19, EWURA ikasikiliza, ikapunguza, ikaruhusu asilimia 8.53. Mwaka mpya wa 2017 ulipoingia, agizo likasitishwa kutoka juu na mkurugenzi mtendaji wa TANESCO akaondolewa. Mlishangilia! Mlishangilia, mkalala, mkasahau kuuliza: filimbi iliyonyang'anywa kwa faida yako leo, kesho ikinyang'anywa kwa hasara yako utapiga kelele kwa nani?

Mimi naiogopa bei ya upendeleo kuliko bei kubwa iliyohojiwa mbele ya watu. Bei isiyolipia gharama itakurudia kwa mlango wa nyuma: mgao, transfoma mbovu, bomba linalotoa upepo. Kwa hiyo usiende kwenye taftishi kusema "tunapinga" tu. Wamezoea kusikia hivyo, wanaandika, wanafunga daftari.

Geuka leo! Agizo la bei ya maji likishatoka linaweza kukupangia miaka mitatu mbele, na hapo kilio chako hakina kikao.

Ankara imekosewa? Anzia kwa mtoa huduma, kwa maandishi, na nakala yako igongwe muhuri. Wakikupuuza, nenda EWURA. Ukiogopa kwenda peke yako, lipo baraza la watumiaji, EWURA CCC, na kazi yake ni kukusemea. Uamuzi wa EWURA nao haukukuridhisha? Baraza la Ushindani linasikiliza rufaa. Milango mitatu hiyo, na wewe umesimama barabarani ukilaani!

Kila mwaka EWURA hutoa ripoti ya utendaji wa mamlaka za maji. Itafute humo mamlaka yenu, soma ukurasa wa maji yanayopotea, nukuu tarakimu kwenye karatasi. Tangazo la taftishi likitoka, andika tarehe, mpigie balozi, mshike jirani mkono.

Na ukipewa kipaza sauti, nakusihi, usimalize dakika zako kwa kusema itifaki imezingatiwa! Uliza: kati ya maji mnayosukuma, mangapi yanapotea njiani? Nani anayalipia? Nyongeza mnayoomba itaziba bomba lipi, mtaa upi, mwezi gani? Wakikujibu "tunalifanyia kazi", usikae. Waombe tarakimu!